Masaa matatu ya bakapu yalinifanya mwongo

Msomaji wangu mpenzi, kama hujawahi kukaa mbele ya kompyuta saa 4 usiku ukiangalia kale kamstari ka kijani kanavyotambaa kama kobe, basi mshukuru Mungu wako. Mimi nimekaa sana tu. Nimekaa na njaa yangu, geti la duka limeshushwa nusu, na mlinzi wa jirani ananichungulia: "Dada, leo ndiyo unalala humu?" Nje upepo wa Dodoma unapiga mabati, vumbi linaingia hadi kwenye meno, makonda pale Jamatini wanaitia daladala za mwisho, na mimi nipo tu, nasubiri mashine imalize kukopi.

Ngoja nianze mwanzo. Mbali na kuandika safu hii, ambayo malipo yake mhariri anayajua na mimi nayajua zaidi, mchana nashinda kwenye steshenari moja hapa mjini. Ndiyo kazi yangu tangu nimalize kidato cha nne. Wengi wanadhani steshenari ni kuuza kalamu na kutoa kopi. Wapi! Steshenari ni kabati la mji mzima. Mwanafunzi wa chuo ambaye laptop yake imekata roho anaandikia ripoti yake kwetu. Familia inayofungua mirathi Mahakama ya Mwanzo inachapa muhtasari wa kikao cha ukoo kwetu. Na tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kweli kweli, halafu Aprili 26, 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, ndiyo usiseme. Mikataba ya kuuziana viwanja kila siku, leo Nzuguni, kesho Nala, keshokutwa Ihumwa. Mtu anaingia baada ya miaka miwili na kuuliza, "Mdogo wangu, ule mkataba wangu bado unao humo?" Hajawaza kabisa kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Mama mwenye duka alishawahi kujibu hapana. Mashine yake ya kwanza iliungua kabla mimi sijaajiriwa, ikaondoka na kila kitu, na mpaka leo wapo wateja wanaopita upande wa pili wa barabara kwa hasira. Ndipo akanunua diski ya nje na kutunga sheria: hakuna kufunga duka bila bakapu. Kwa wasiolijua neno hilo, bakapu ni nakala ya akiba ya mafaili yako. Ni kama mbegu za uwele ambazo bibi anazificha darini, njaa iingie isiingie, haziguswi.

Sheria nzuri. Tatizo ni masaa matatu.

Njia yetu ilikuwa ya kienyeji. Tuna folda kubwa inaitwa Wateja, ndani yake kuna mafolda, ndani ya mafolda kuna mafolda mengine, na chini kabisa ndiyo mafaili yenyewe, zaidi ya laki mbili ukihesabu na mapicha ya paspoti. Kila jioni nakamata folda lote, nalivutia kwenye diski ya nje, mashine inauliza "nifute ya zamani niweke hii?", nakubali, safari inaanza. Sasa fikiria. Siku nzima nimegusa mafaili 40 au 50. Jioni nakopi laki mbili! Kadi ya harusi ya watu walioachana zamani nayo inakopiwa upya kila siku iendayo kwa Mungu.

Basi nikajiona mjanja. Ukifungua folda kwenye Windows, pembeni ya kila jina kuna tarehe inayoonyesha lini kimebadilishwa. Nikasema, kumbe! Nitazame tarehe za mafolda makubwa yaliyomo ndani ya Wateja. Lenye tarehe ya leo nalikopi. Lenye tarehe ya zamani naliacha lilale. Kazi ya masaa matatu ikawa dakika 10. Saa 2 na robo niko kwenye bajaji. Mama akiuliza, "Umefanya bakapu?" namjibu bila kupepesa, "Nimefanya, mama." Wala sikuona kwamba nasema uongo.

Ilikuwa Juni, ile baridi yetu ya upepo. Jumatano moja umeme ukakatika mara tatu kabla ya saa 6 mchana. Mara ya tatu uliporudi, mashine kubwa ikagoma. Kioo cheusi, na ndani ya boksi sauti kama ya mtu anayegonga mlango kwa ukucha: tak, tak, tak. Aliyewahi kuisikia anajua hiyo ni diski inaaga dunia. Mama akasonya, kisha akasema kwa ushujaa, "Si tunayo bakapu." Nami nikaitikia kwa ushujaa uleule.

Sasa kulikuwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu pale Chuo Kikuu cha Dodoma. Utafiti wake ulihusu wakulima wa zabibu wa Mpunguzi. Alikuwa amekwenda shambani kwao mara nyingi na madodoso yake mkononi, akarudi na viatu vyekundu, akakaa kwenye mashine yetu wiki karibu tatu akiandika sura ya nne, ile ya matokeo. Siku za kukabidhi zilikuwa zimebaki tano.

Tukachomeka diski ya nje kwenye mashine ndogo. Folda la UDOM lipo. Jina lake lipo. Faili lipo. Nikafungua, nikateremka mpaka chini. "Sura ya Nne", imepigiwa mstari vizuri kabisa. Chini yake pametulia, peupe. Nakala ile ilikuwa na umri wa siku 19.

Msomaji, nimeshawahi kuachwa na bwana na nimeshawahi kufeli hesabu, lakini sijawahi kuishiwa maneno vile. Kaka wa watu hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye benchi la wateja na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, si uliniambia mnaweka bakapu kila siku?" Mama akageuka kunitazama. Flashi alikuwa nayo mfukoni, lakini ndani mlikuwa na miziki tu. Alitegemea sisi.

Jioni akaja fundi, jamaa mpole wa Nkuhungu. Diski iliyokufa aliitikisia kichwa na kuiweka kando. Halafu akakaa chini na kuniuliza nilikuwa nafanyaje ile bakapu yangu ya dakika 10. Nikamweleza. Hakunicheka. Akasema, "Mdogo wangu, wewe ulikuwa unamuuliza babu habari za kitukuu."

Akanifafanulia. Folda ni kama orodha ya majina ya waliomo. Tarehe yake inabadilika pale jina linapoongezwa, linapofutwa au linapobadilishwa katika orodha hiyo hiyo. Basi. Kinachotokea ndani ya folda lililomo ndani yake, hakiihusu kabisa. Kaka wa zabibu alikuwa ngazi mbili chini ya folda la UDOM, akiandika kila siku, na juu huku tarehe ilikuwa imesimama pale pale tangu siku nilipomfungulia folda mwanafunzi wa mwisho. Na kuna ya pili: hata folda linalobeba faili moja kwa moja linaweza lisishtuke ukibadili maneno ndani ya faili bila kugusa jina. Baadhi ya programu za kuandikia zinatengeneza faili la muda pembeni wakati wa kusevu, ndipo folda linashtuka, nawe unaamini huwa linashtuka siku zote. Ndivyo nilivyoamini mimi.

"Mtaani kwenu akija mgeni," fundi akaniuliza, "balozi anajuaje?"

Nikamwambia si anaandikishwa kwenye daftari.

"Mbona hagongi kila mlango kila usiku?"

"Atakesha!"

"Basi ninyi ndivyo mlivyokuwa mnafanya. Tena nyie mlikuwa mkigonga mlango mnawatoa watu wote na vitanda vyao, mnawarudisha ndani, mnakwenda nyumba ya pili."

Hapo mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Nami nikaanza kuelewa kwamba swali la bakapu siyo namna ya kukopi haraka. Swali ni namna ya kujua kipi kimeguswa bila kugonga milango yote.

Watu wa kompyuta wamelihangaikia swali hili miaka mingi. Enzi za DOS, miaka ya 1980, waliweka kialama kwenye kila faili, herufi A. Faili likiandikwa, A inasimama. Programu ya bakapu ikishalikopi, inaiangusha. Kesho yake inachukua yale tu yaliyosimamisha A. Akili hiyo! Lakini ukiwa na programu mbili za bakapu kwenye mashine moja, ya kwanza inaangusha vialama vyote, ya pili inakuja inakuta shwari, inakwenda kulala. Na bado lazima upite kwa kila faili kuchungulia A yake. Umeacha kuhamisha vitanda, lakini milango bado unagonga.

Mwaka 1996 jamaa wawili wa chuo kikuu cha taifa kule Canberra, Australia, Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakatoa programu inaitwa rsync. Hapa niruhusu nichepuke kidogo. Canberra ni ndugu yetu! Ni mji uliojengwa kwa makusudi, bara, mbali na majiji ya pwani, uwe makao makuu, na Bunge lao lilihamia huko mwaka 1927. Sisi uamuzi wa kuhamia hapa ulipitishwa 1973, mengine unayajua. Turudi kwenye hoja. Rsync inalinganisha ukubwa na tarehe ya kila faili huku na kule. Vikilingana, inapita. Visipolingana inalikata faili vipande, na kama inapeleka kupitia mtandao inatuma vile vipande vilivyobadilika tu. Ripoti ya kurasa 80 ukisahihisha aya moja, haitumi ripoti nzima.

Kwa sisi tunaoishi kwa bando, hiyo siyo anasa. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti nchini ilikuwa ya kuomba na kungoja. Siku kama hiyo kupeleka mafaili yako yote kwenye wingu ni ndoto, ila vipande vichache unaweza kuvipenyeza.

Fundi wetu hakutuwekea rsync, maana mashine zetu ni za Windows. Alitumia Robocopy, ambayo imo ndani ya Windows yenyewe tangu ile iliyoitwa Vista, bure, hakuna cha kununua. Inafanya kazi ya kufanana: inapita kila folda, inalinganisha, inakopi kilichobadilika. Usiku wa kwanza ilikopi kila kitu, kama desturi. Usiku wa pili ilimaliza kwa dakika 14. Nikashangilia. Yeye akakunja uso. Akanionyesha kwamba katika zile dakika 14, kukopi kwenyewe kulichukua chini ya dakika moja. Dakika 13 zote ni kugonga milango laki mbili na kuambiwa "hapa hamna kipya".

Ndipo akalifungua daftari lenyewe. Kumbe lipo! Tangu Windows 2000, Microsoft waliweka ndani ya diski kitu kama daftari la balozi. Faili likizaliwa, likiandikwa, likibadilishwa jina au likifutwa, mfumo wenyewe unaandika mstari, na kila mstari una namba inayozidi kupanda. Bakapu inachokumbuka ni namba ya mstari wa mwisho iliousoma jana. Leo inaanzia hapo: faili hili limeguswa, lile limefutwa, hili limehamia folda jingine. Haigongi mlango wowote ambao haukutajwa.

Wa Apple nao walikuja na lao Oktoba 2007, pamoja na programu yao ya bakapu, Time Machine. Daftari lao liliandika kwa jumla zaidi, kwa kiwango cha folda: katika folda fulani pametokea jambo, nenda kaangalie mwenyewe ni nini. Ni sawa na balozi asiyetaja jina la mgeni bali anakwambia tu, "Pale kwa mama muuza maandazi kuna watu." Inatosha. Kuchungulia nyumba moja si kazi. Kwenye Linux, tangu 2005, kuna mtindo mwingine, programu inaomba ipigiwe kengele faili likiguswa. Mzuri, ila programu yenyewe lazima iwe macho muda wote. Ikizimwa, yaliyotokea ikiwa imelala haiambiwi.

Fundi akaandika kiprogramu chake kifupi cha kulisoma daftari la Windows na kutukopia vilivyotajwa. Dakika 2. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka mama yupo.

Lakini akaanza kunipa masharti, na hapa ndipo naomba msomaji unisikilize, maana watu wengi wakishapata njia ya mkato wanajisahau kama nilivyojisahau mimi. Daftari lile lina kurasa zake, halikui milele. Likijaa, mistari ya zamani kabisa inafutwa kupisha mipya. Ukikaa muda mrefu bila bakapu, unarudi unakuta namba yako ya mwisho haipo tena, na yaliyotokea katikati hakuna wa kukuhadithia. Hapo hakuna ujanja, ni kugonga milango yote. Na daftari linasema kimetokea nini, halikupi kilichokuwemo. Sehemu ya diski ikioza na kula nusu ya faili, hilo halikuandikwa na mtu, kwa hiyo haliko daftarini.

Ndiyo maana kuna sensa. Mfano huo ni wangu mimi, siyo wa fundi, na najivunia. Nchi hii ina uandikishaji wa vizazi na vifo unaoendelea kila siku, ndiyo kazi ya RITA. Hata hivyo Agosti 23, 2022 tulihesabiwa wote, makarani na vishikwambi vyao wakapita nyumba kwa nyumba, tukapatikana watu 61,741,120. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, haikusema "tuna daftari, tujumlishe tu". Kila daftari lina mtoto ambaye hakuandikishwa. Basi na sisi Jumapili ya kwanza ya kila mwezi naiacha mashine usiku kucha ifanye sensa, ifungue kila faili huku na kule na kulilinganisha lote, siyo tarehe peke yake. Mwezi wa tatu ikakuta mkataba mmoja wa kiwanja cha Iyumbu umeharibika kwenye mashine wakati kwenye diski ya nje uko mzima. Tarehe zilikuwa sawa kabisa.

Jambo la kufutwa ndilo lililotugombanisha na fundi. Bakapu yake ya kwanza ilikuwa tiifu kupita kiasi: nikifuta huku, nayo inafuta kule. Kaka anayenisaidia asubuhi akafuta kwa makosa folda zima la barua za kanisa, jioni bakapu ikafuta pia, dakika 2 safi. Tukabaki tunatazamana. Bahati barua zenyewe zilikuwa bado kwenye kapu la taka la kompyuta. Sasa kilichofutwa hakifutwi kule, kinahamishiwa pembeni kwenye folda la marehemu na kukaa siku 60. Jina hilo mama halipendi, lakini ndilo linaloeleweka.

Na kaka wa zabibu? Tulikaa naye usiku mbili. Yeye anasoma madodoso, mimi nachapa, mama anatuletea chai na chapati kutoka kwake na hasemi neno. Nilichapa majedwali ya Mpunguzi mpaka najua nani anavuna mara mbili kwa mwaka na nani mvinyo wake unachacha. Alikabidhi siku ya mwisho, saa 9 alasiri, na aliniambia wazi kwamba sura ya nne ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Sikumbishia. Desemba alipita dukani na joho lake mkononi kuprinti picha. Alilipa hela yote, hakuomba punguzo, na picha zake alizihifadhi kwenye flashi mbili.

Mshahara wangu ulikatwa mwezi mmoja, hilo tuliache. Kilichobaki ni kila jioni. Saa 2 mama anavaa kitenge chake, anachukua pochi, anauliza, "Umefanya bakapu?"

"Nimefanya, mama."

"Nionyeshe."

Nachomeka diski ya nje kwenye mashine ndogo. Anataja mteja yeyote wa siku ile anayemjia kichwani, leo alitaja mzee wa Bahi aliyechapa barua ya mgogoro wa shamba. Natafuta, nafungua, nateremka mpaka mstari wa mwisho. Mama anavaa miwani na kuusoma.